Mguu wake utarudi, lakini tuanze na kichwa: jibu kwa mama wa Kisauni

Waaleikum salaam dadangu, na pole sana kwa yaliyowapata. Alhamdulillahi kijana yuko hai na yuko nyumbani, hayo mengine tutayaendea polepole.

Kwa wengine wanaosoma, nieleze kwa ufupi alichouliza. Kijana wake ana miaka 9, alikuwa anatoka kichochoroni na baiskeli akatokeza barabarani, tuktuk ikamgonga. Paja la kulia likavunjika katikati, wakamfanyia opareshi wakamwekea vyuma viwili vyembamba ndani ya mfupa, akashonwa nyuzi kwenye paji la uso. Pale pale barabarani alizimia kidogo, alipozinduka akatapika. Siti skani ya kichwa ikatoka safi. Sahi ni wiki ya nane. Atembea na magongo, goti halikunjiki sawasawa, jioni akitoka skuli kichwa chamuuma mpaka alia na mamake humpa panadol karibu kila siku, amekuwa mkali kwa nduguze, hataki kulala peke yake na ameanza tena kukojoa kitandani. Nyanyake ataka aitwe mkandaji wa mifupa. Babake ataka baiskeli iuzwe. Kijana mwenyewe leo aiulizia baiskeli yake, kesho akisikia honi ajificha nyuma ya mamake. Maswali ya mama ni mawili: mguu utarudi kama zamani? Na baiskeli tuifanyeje?

Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na wagonjwa wangu wengi ni watoto, kwa hivyo ulitarajia nianze na mguu. Nitaufikia na nitauongelea sana. Lakini katika barua yako yote kilichonishtua ni ile sentensi moja uliyoipita haraka, kwamba kijana alirudi skuli wiki ya tatu, siku nzima, na chuo cha Kurani jioni, kwa sababu "siti skani ilikuwa safi na hatukutaka aachwe nyuma". Hapo ndo penye shida dada, na si kosa lako, manake mara nyingi mtu akitoka wodini ameelezwa kuhusu mguu tu.

Siti skani inatafuta damu iliyovuja ndani na fuvu lililopasuka. Ikiwa safi ni habari njema sana, inamaanisha hakuna cha kupasuliwa. Lakini mtikisiko wa ubongo hauonekani kwenye hio picha. Mtoto aliyezimia hata kama ni kidogo, akaamka akatapika, huyo ubongo wake ulitikiswa, na ubongo uliotikiswa unafanya kazi zile zile za kila siku kwa shida zaidi. Kusoma ubaoni, kunakili, kusikiliza ticha huku wenzake arubaini wanapiga kelele, jua kali la saa saba mchana, alafu juzuu jioni, yote hayo ni kazi ya ubongo. Asubuhi anaweza, saa sita ameanza kuchoka, ikifika magharibi kichwa kinapasuka. Ukali nao watoka hapo hapo. Watoto wengi mtikisiko huwaisha ndani ya wiki 4 hivi, lakini wapo wanaochukua muda zaidi na hasa wale waliorudishwa kwenye mzigo wote kwa mara moja. Wiki ya nane na bado kichwa chauma kila jioni, hio si ya kusubiri iishe yenyewe, mrudishe kwa daktari na umwambie wazi kwamba unakuja kwa sababu ya kichwa na si kwa sababu ya mguu, uombe aangaliwe macho, shingo na usingizi wake. Shingo watu huisahau kabisa na maumivu mengi ya kichwa baada ya ajali yanatokea shingoni, ukimbonyeza taratibu hapo chini ya kisogo utamuona anaruka.

Panadol ya kila siku ipunguze. Najua unampa kwa huruma, lakini dawa ya maumivu ikitumiwa siku nyingi za mwezi inaanza yenyewe kuleta maumivu ya kichwa, na mtoto akiikosa kichwa chauma, ukimpa chatulia, mzunguko hauishi. Mwambie daktari umempa mara ngapi bila kuona haya, atakupangia namna ya kuiacha. Na aspirini usimpe kabisa, huyo ni mtoto.

Skuli mtoeni kidogo, sijasema aache. Kumfungia mtoto kwenye chumba chenye giza wiki nzima nako hakusaidii, hio ilikuwa zamani, siku hizi tunajua mapumziko makali ni ya siku moja au mbili za mwanzo tu na baada ya hapo mtoto aendelee na maisha kidogo kidogo. Kwa wiki hii aende asubuhi arudi kabla ya mchana. Ongea na ticha wa darasa uso kwa uso usimtumie ujumbe tu, mwombe amkalishe mbele mbali na dirisha lenye mwanga mkali, amruhusu kulaza kichwa dakika tano kila baada ya nusu saa hivi, na mitihani isubiri. Chuo nako ongea na maalim, aende siku chache tu au akae asikilize bila kusomeshwa. Nina hakika ataelewa, walimu wetu wa chuo ni watu wa huruma wakielezwa. Akimaliza wiki bila kichwa kuuma jioni ongeza saa moja mbili, kikiuma kidogo kikatulia ndani ya saa moja si neno mwendelee, kikiuma kikazidi rudini hatua moja nyuma. Simu na tivi ya usiku kata kabisa. Asubuhi asitoke bila kula na awe na chupa ya maji, joto la huku kwetu linamkausha mtoto bila nyinyi kujua na ukavu wenyewe ni maumivu ya kichwa tosha.

Na haya nayaandika kwa kila mzazi, si kwako peke yako. Mtoto aliyegongwa kichwa akianza kutapika tena na tena, akasinzia mpaka haamki vizuri, akapata degedege, akaongea maneno yasiyoeleweka, mboni za macho zikawa hazilingani, mkono au mguu ukalegea, au puani na masikioni kukatoka maji maji au damu, usisubiri asubuhi, ni kumbeba saa hio hio mpaka Makadara, hospitali kuu ya Mombasa, ama hospitali iliyo karibu nawe. Kuhusu ule usemi wa kwamba aliyegonga kichwa asilazwe usingizi, akishaonwa na daktari na akaruhusiwa nyumbani mwacheni alale, usingizi ni dawa yake, mtamwamsha mara moja mbili usiku wa kwanza kama daktari alivyosema basi.

Sasa woga. Kukojoa kitandani kwanza mpime mkojo, isijekuwa ni maambukizi tunasingizia ajali. Mkojo ukiwa safi basi yaelekea ni mshtuko. Mtoto wa miaka 9 aliyeshtuka anarudi nyuma, anakuwa kama wa miaka 4, ataka kulala na mamake, akojoa, alia kwa kitu kidogo. Wiki za mwanzo hayo ni ya kawaida na mengi huondoka yenyewe mtoto akiona nyumba imetulia na mambo yamerudi kwa utaratibu wake, kula saa ile ile, kulala saa ile ile. Lakini ikipita mwezi na bado ana ndoto za kutisha, aogopa njia, ashtuka kwa kila sauti, huyo ahitaji mtu wa kuongea naye aliyesomea kazi hio, na nyinyi mmeshapita mwezi. Hospitali kubwa zina mshauri wa watoto au daktari wa afya ya akili, uliza pale pale kliniki ya mifupa wakuandikie barua. Kwenda kwa daktari wa akili hakumaanishi mtoto ana wazimu, na nyanyake mweleze hivo hivo mapema kabla hajaanza kuhuzunika.

Kuna kitu kimoja nataka uangalie kwa makini leo leo. Umeandika kwamba kila jamaa akija kumuona husema "si ulikatazwa kwenda barabarani?" Wanasema kwa mapenzi, hawana nia mbaya. Lakini mtoto alolala pale na mguu uko juu ya mto anasikia jambo moja, kwamba yeye ndo amesababisha haya yote, pesa zilizotumika, babake kukosa kazi siku zile, wewe kulia. Wengi wa watoto wanaoletwa kwangu wakiwa wakali na wasiotaka mazoezi, ukikaa nao peke yao mkichorachora wanakwambia hivo, ati mimi ndo niliharibu. Hawalisemi mbele ya wazazi. Kaa naye usiku mmoja mwambie kwa maneno mepesi kwamba hakuna anayemlaumu, kwamba njia ilikuwa ya hatari na tuktuk ilikuwa na mwendo, na mtu mzima ndo wa kuchunga zaidi. Alafu wageni wakianza maneno yale wakatize mbele yake, akusikie ukiwakatiza.

Usimlazimishe ahadithie ajali. Akitaka mwenyewe msikilize mpaka mwisho bila kumrekebisha, akicheza na kagari kake akikagonga ukutani mara ishirini mwacheni, hio ndo namna yake ya kulitoa. Na tuktuk sasa, manake huku kwetu bila tuktuk huendi popote, mtoto aliyegongwa na tuktuk ndo huyo huyo apandishwa tuktuk kwenda kliniki ya huo mguu, fikiria moyo wake unavyopiga. Mpeleke taratibu. Kwanza mkae mlangoni mkitazama njia dakika chache, mhesabu tuktuk za rangi fulani, akizoea mwende mpaka duka la jirani, akizoea mpande moja iliyosimama, muongee na dereva, mshuke. Siku nyingine mwende nayo kituo kimoja wewe ukiwa upande wa nje. Na wewe mwenyewe dada jichunge, honi ikipigwa usimkabe mkono, manake mtoto husoma mkono wa mamake kabla ya kusoma barabara. Kama na wewe hulali na unaiona ile ajali kila ukifunga macho, mwambie huyo mshauri, akusaidie na wewe pia.

Haya, mguu.

Utarudi. Paja la mtoto wa umri huo lililotiwa vile vyuma vyembamba vinavyopinda huunga vizuri karibu siku zote, na kwa wiki ya sita mpaka ya nane hivi kwenye picha ya eksrei huwa kumeshaonekana mfupa mpya umezingira pale palipovunjika, kama uvimbe mweupe. Huo uvimbe ni mzuri usiogope, baadaye mwili wenyewe utauchonga. Vyuma hutolewa baada ya miezi 6 mpaka mwaka hivi. Ile kitu ngumu ambayo umeigusa pembeni juu ya goti ni ncha ya chuma, ndo maana akikunja goti yamchoma, na ni sababu moja ya yeye kukataa kulikunja. Ngozi ya hapo ikiwa nyekundu, ikapata moto, ikatoboka au ikatoa maji, rudini spitali siku hio hio. Kama ngozi ni nzima basi ni usumbufu tu.

Sababu ya pili ni misuli. Wiki chache tu bila kutumia paja linasinyaa mpaka mtu anaogopa kulitazama. Chukua futi ya fundi cherehani, pima shibiri moja juu ya goti mguu wa kushoto, tia alama ya kalamu, pima mzunguko, alafu pima pale pale mguu wa kulia. Utaona tofauti. Andika tarehe ukutani, rudia baada ya wiki mbili. Nawapenda sana wazazi wafanye hivi kwa sababu mtoto mwenyewe akiona namba inapanda atafanya mazoezi bila kusukumwa, na wewe utajua kama mnasonga au mmekwama. Misuli huchukua miezi kurudi, sio wiki, na kuchechemea kwa miezi kadhaa baada ya paja kuvunjika ni jambo la kutarajiwa mradi kunapungua. Kukizidi badala ya kupungua, hapo nataka mwende.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine. Tandika mkeka, akae miguu mbele, kunja leso iwe donge, iweke chini ya goti la mguu mbovu, mwambie aibinye ile leso kwa goti mpaka paja likaze, ahesabu mpaka tano, aachilie. Mara kumi. Utaona ile kofia ya goti ikipanda kidogo kila akikaza, isipopanda hajakaza, anadanganya kwa kukaza makalio. Alafu avae soksi mguu huo, aburute kisigino sakafuni akikivuta kuelekea makalio polepole, apumzike, akirudishe. Zoezi la tatu alale kifudifudi, umfunge leso kwenye kifundo cha mguu, ncha zake ashike mwenyewe avute kisigino kije nyuma mpaka pale panapovuta, SIO panapouma kwa kuchoma. Mwenyewe avute, wewe usimvutie! Goti la mtoto likikunjwa kwa nguvu na mtu mwingine mtoto anakaza kila kitu, anaogopa, na kesho ukitoa mkeka tu aanza kulia. Mara tatu kwa siku kila mara dakika kumi, bora kuliko saa moja ya vita.

Kwa nini nasisitiza kukunja? Kupiga pedali goti lahitaji kukunjika kwa pembe ya kama nyuzi 110 hivi. Kuchuchumaa chooni na kukaa tahiyatu kwataka zaidi ya hapo, na hivyo viwili ndo maisha yake ya kila siku. Kwa sahi aswali kwenye kiti, dini imempa ruhusa hio na mwambie bila kumfanya ajihisi ana kasoro. Chooni mtafutieni kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, mafundi wanatoboa, kumlazimisha achuchumae na goti halijafika kutamfanya azuie choo na hio ni shida nyingine kabisa.

Kuhusu kukanyaga, anayeamua ni daktari aliyemfanyia opareshi baada ya kuona picha. Akisema akanyage kidogo, kidogo ni kiasi gani? Tumieni mizani ya bafuni, asimame aweke mguu mbovu juu yake aukandamize mpaka ile kilo aliyoambiwa, auhisi, arudie mpaka mguu ujue. Magongo yawe chini ya kwapa kwa vidole viwili vitatu, uzito wote ushikwe na mikono, wala asining'inie kwa makwapa, akining'inia vidole vyake vitaanza ganzi. Umesema mnakaa ghorofa ya pili, basi mfundishe hivi, kupanda mguu mzima utangulie, kushuka mguu mbovu utangulie pamoja na magongo, na wewe uwe upande wa chini yake siku zote.

Na bahari mnayo hapo. Kidonda kikishafunga kabisa na daktari akikubali, mpelekeni ufuo wa Pirates asubuhi maji yakiwa yametulia, atembee ndani ya maji. Maji yakimfika kiunoni uzito anaokanyaga ni kama nusu, yakimfika kifuani ni kama robo au zaidi kidogo. Mtoto ambaye nyumbani hakubali kuacha magongo utamuona ndani ya maji anatembea wima kama zamani, na akishajiona hivo kitu kinafunguka ndani yake, mimi nimeliona hilo kwa watoto wengi na halinichoshi. Mmoja amshike kila wakati, muangalie mawe na miba, na siku za bamvua au mawimbi makubwa msiende.

Jambo moja la kukutayarisha, mguu uliovunjika unaweza kurefuka kuliko mwenzake. Paja likiwa linaunga damu hujaa pale na mfupa hukua haraka, kwa hivyo katika mwaka mmoja mpaka miwili unaweza kuupita ule mzima kwa sentimita moja hivi. Chini ya sentimita 2 mara nyingi hakufanywi chochote, zaidi ya hapo atapimwa na pengine awekewe soli ndani ya kiatu. Ndo maana kliniki zile za baadaye, ambazo watu huziacha kwa sababu mtoto "amepona", wewe usiziache.

Sasa mkandaji, na hapa naomba unisaidie na nyanyake kwa adabu kwa sababu najua anampenda mjukuu wake na ameona watu wakipona kwa mikono ya wazee. Jibu langu ni hapana. Mfupa unaounga unajengwa na mfupa mchanga, laini, ukikandwa unavunjwa kila siku kama mche unaong'olewa kuangaliwa kama umeota mizizi. Kwake yeye kuna vyuma ndani ambavyo ncha zake ziko chini ya ngozi, mkandaji akizisukuma anaweza kutoboa ngozi na uchafu ukaingia mpaka kwenye mfupa, na ugonjwa wa mfupa ulioingia uchafu ni wa miezi na miezi. Nimeona pia viwiko vya watoto vilivyokandwa na mafuta ya moto mpaka misuli yenyewe ikageuka mfupa, kiwiko kikafa pale pale hakikunjiki hakinyooki. Na vile vijiti vinavyofungwa kwa kukazwa vinakata damu, mguu unakuwa mweusi. Kama nyanya ataka kushiriki, na ni vizuri ashiriki, mpeni kazi ya leso na soksi, awe ndo msimamizi wa mazoezi ya asubuhi, au ampake mafuta ya nazi kwenye ngozi ile kavu ya mguu kwa mkono mwepesi mbali na kidonda na mbali na pale palipovunjika. Dua yake nayo hakuna anayeikataza.

Chakula, fupi tu. Supu ya makongoro mpe akiipenda lakini usiitegemee kujenga mfupa, chokaa (kalsiamu) iliyomo ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Dagaa wanaoliwa na mifupa yake, maziwa au mtindi, mayai, maharagwe, samaki, hivyo ndo vya kujenga, na asikae ndani siku nzima, jua la asubuhi linasaidia mwili kutumia ile chokaa.

Makaratasi pia fupi. Ile abstrakti ya polisi (taarifa yao ya ajali) na P3 (fomu ya majeraha) kama hamjachukua chukueni, msikubali maneno ya tumalizane wenyewe kwa elfu mbili tatu, kila gari la barabarani Kenya sheria inalitaka liwe na bima ya kulipa anayeumizwa na tuktuk ni gari vilevile. Muoneni wakili mapema na muweke risiti zote kwenye bahasha moja. Na hakikisheni malipo yenu ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, hayajakatika, manake kutoa vyuma ni opareshi nyingine.

Baiskeli sasa. Mzee wa nyumba asiiuze, na namwambia hivi kwa heshima kwa sababu najua anachokiogopa, hata mimi ningekuwa babake ningetamani nisiione tena. Lakini ikiuzwa leo mtoto atasikia kwamba ile lawama ilikuwa kweli na kwamba baiskeli ilikuwa adhabu yake. Na kwa upande wangu wa kazi, baiskeli ni dawa. Hakuna zoezi la goti na paja ninaloliamini kwa mtoto kuliko kupiga pedali bila uzito wa mwili kuegemea mguu. Kwa hivyo irudi, ila irudi kwa awamu na kila awamu ina mlango wake.

Awamu ya kwanza haina barabara kabisa. Daktari akisharuhusu, tairi la nyuma likiwa limeinuliwa lisiguse chini na babake akiwa ameishika imara, au kliniki kwenye baiskeli ile isiyotembea, kijana apige pedali nusu mzunguko mbele nusu nyuma, kiti kikiwa juu kidogo ili goti lisikunjwe sana, mpaka siku mzunguko mzima utakubali wenyewe. Hio siku mpigieni makofi.

Kuendesha kweli kweli, akaweza kuanguka, mara nyingi ni kuanzia miezi 3 hadi 6 tangu ajali, na kwake yeye nataka mambo matatu yote yawe yametimia, si mawili. Picha imeonyesha mfupa umeunga na daktari ametamka. Amekaa skuli siku nzima kwa wiki kadhaa bila kichwa kuuma, manake kugonga kichwa mara ya pili kabla ya kile cha kwanza kupona ni hatari kubwa kuliko ya kwanza. Na yeye mwenyewe ataka, hamjamshawishi. Akianza aanzie uwanja uliofungwa, uwanja wa skuli wikendi au kwenye kiwanja kisichoingia gari, na helmeti. Helmeti sio ya mapambo, inapunguza majeraha ya kichwa kwa karibu nusu au zaidi, ikae sawa vidole viwili juu ya nyusi, mikanda iungane chini ya masikio, chini ya kidevu pabaki nafasi ya kidole kimoja. Iliyowahi kugongwa usinunue hata kama ni bei ya kutupa, ndani yake imeshavunjika ijapo nje haionyeshi.

Barabarani peke yake, hapana, bado kwa miaka. Mtoto wa miaka 9 hata akiwa hodari vipi bado hajui kukadiria gari laja kwa mwendo gani na liko mbali kiasi gani, akili hio haijakomaa na haifundishiki kwa kugombezwa. Pale kichochoro chenu kinapotokea barabara kubwa, wekeni sheria ya nyumba kwa watoto wote, si kwake tu, kwamba pale mtu hushuka akaisukuma baiskeli kwa miguu. Breki zikaguliwe na fundi kabla ya siku ya kwanza, baiskeli iliyogongwa huwa imepinda fremu kidogo na inavuta upande mmoja.

Kliniki ijayo usitoke bila kumuuliza daktari kilo ngapi akanyage sasa, vidole vya mguu vinaangalia mbele au vimegeuka ukilinganisha na mwenzake, na vyuma vinatoka lini. Homa, paja kuvimba upya, maumivu ya usiku yanayomwamsha, au kushindwa ghafla kukanyaga mguu aliokuwa akiukanyaga jana, hayo hayangojei kliniki. Na ukishapata hio picha mpya niandikie daktari amesema nini kuhusu uzito na goti limefika wapi, nikupangie mazoezi ya hatua inayofuata.